Kusakinisha sasisho rasmi kwenye simu iliyorutiwa bila kupoteza data wala ruti: mwongozo kamili

Simu iliyorutiwa, yaani ile ambayo mwenyewe amejipa mamlaka kamili (ruti) juu ya mfumo wake, mara nyingi hupata arifa ya sasisho kama simu nyingine yoyote, na hapo wenye simu hizo hugawanyika. Wapo wanaobofya papo hapo, sasisho likagoma katikati, au likapita vizuri na kuondoka na ruti. Wapo pia wanaoogopa, wakaizima arifa na kuendelea na mfumo uleule mwezi baada ya mwezi. Mimi nina wasiwasi zaidi na hawa wa pili. Tangu Agosti 2015 Google hutoa taarifa ya usalama ya Android kila mwezi, ikitaja waziwazi matundu yaliyozibwa. Maana yake ni kwamba anayetaka kuyatumia matundu hayo naye anayasoma. Ukiwa na ruti, halafu hujasasisha, umejiongezea hatari mbili kwa pamoja.

Sasisho linawezekana, data ikabaki na ruti ikarudi. Kinachotakiwa ni kufuata mpangilio, na kuelewa kwa nini kila hatua iko pale ilipo. Nitatumia Magisk, programu ya kurutia simu iliyoanzishwa na John Wu, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wengi. Anayetumia programu nyingine za kurutia kama KernelSU au APatch atakuta menyu tofauti, lakini kanuni ni zilezile.

Kwa nini sasisho hugoma

Sasisho linalokuja hewani mara nyingi halibebi mfumo mzima. Hubeba tofauti tu kati ya toleo ulilonalo na toleo jipya. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, tofauti hizo huandikwa bloku kwa bloku juu ya patisheni (sehemu iliyogawanywa ya hifadhi ya simu), si faili kwa faili. Ili hesabu hiyo itoke sawa, patisheni ya zamani lazima iwe vilevile kama ilivyotoka kiwandani, hadi baiti ya mwisho. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, kisakinishi hukokotoa heshi ya patisheni, yaani namba-alama inayotokana na yaliyomo ndani yake, na kuilinganisha na ile inayotarajiwa. Zikitofautiana, kinaacha kazi. Hakijali umebadilisha jambo kubwa au dogo. Katika simu za zamani, hata kuifungua /system, patisheni ya mfumo wenyewe, kwa ruhusa ya kuandika mara moja tu, bila kugusa faili lolote, kulitosha kubadilisha taarifa za mwanzo wa patisheni na kuvuruga heshi.

Uzuri wa Magisk ni kwamba haiandiki ndani ya /system. Inabadilisha picha (yaani faili lenye yaliyomo yote ya patisheni) ya kuwashia simu peke yake, yaani boot au init_boot, na mengine yote huyafanya kwenye kumbukumbu simu inapowaka. Basi ukiirudisha patisheni hiyo moja katika hali yake ya asili, kisakinishi kitaona simu safi. Mwongozo wote uliobaki unasimama juu ya jambo hilo.

Ijue simu yako kwanza

Unganisha simu na kompyuta yenye adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, washa Utatuzi wa USB ndani ya Chaguo za wasanidi programu, kisha andika:

adb shell getprop ro.build.ab_update

Jibu likiwa true, simu ina sloti mbili, A na B. Mpangilio huu ulianza na Android 7.0 mwaka 2016. Mfumo unaotumika hukaa sloti moja, sasisho huandikwa sloti ya pili wakati wewe unaendelea kutumia simu, na ukiwasha upya simu inahamia upande mpya. Jibu likiwa tupu, simu ni ya sloti moja. Hapo sasisho hufanyika ndani ya rikavari, mfumo mdogo wa ukarabati ulio kando ya Android, na njia yake ni nyingine.

Swali la pili: ruti iko kwenye boot au init_boot? Simu zilizotoka kiwandani na Android 13 au mpya zaidi, kama Pixel 7, huwa na init_boot. Zilizotoka na toleo la chini ya hapo hubaki na boot hata kama leo zimefika Android 14 au 15. Pixel 6 ni mfano. Angalia toleo la kuzaliwa kwake, si la leo. Kosa hili huwakwamisha watu wengi kuliko jingine lolote katika kazi hii, kwa sababu picha ya init_boot ikiandikwa kwenye boot simu haiwaki.

Mwisho, andika mahali nambari kamili ya muundo iliyo chini ya Kuhusu simu. Utaihitaji ukitafuta picha ya asili, na picha hiyo lazima iwe ya nambari hiyohiyo. Inayokaribiana haitoshi.

Maandalizi ambayo hayarukwi

Ingia Chaguo za wasanidi programu, uzime masasisho ya mfumo ya kiotomatiki. Likiachwa wazi, simu inaweza kusakinisha usiku yenyewe, ukaamka huna ruti.

Hamisha picha, hati na mazungumzo yako kwenda kompyuta au hifadhi ya nje. Nakala rudufu iliyo ndani ya simu hiyohiyo haisaidii siku simu inapodai kufutwa.

Pakua famuwea kamili (mafaili yote ya mfumo kutoka kwa mtengenezaji) ya toleo ulilonalo sasa, utoe humo boot.img au init_boot.img, uiweke kwenye kompyuta. Hii ndiyo bima yako. Lolote likiharibika, faili hilo pamoja na fastboot, zana ya kompyuta inayoandika patisheni za simu, huzirudisha simu nyingi ndani ya dakika chache.

Kisha moduli, yaani nyongeza zinazowekwa kupitia Magisk. Fungua Magisk, zima zote, uwashe simu upya. Moduli inayobadilisha fonti, sauti au kiolesura imeandikwa kwa kufuata mfumo wa sasa. Ikikutana na mfumo mpya inaweza kuifanya simu izunguke kwenye nembo bila kufika popote. Kuzima moduli zote kunachosha, najua, hasa ukiwa nazo nyingi. Zima hata hivyo.

Chaji ifike angalau nusu, na kebo iwe ile unayoiamini.

Simu ya sloti mbili: njia ya ndani ya simu

Hii ndiyo njia nyepesi, na haihitaji kompyuta mambo yakienda sawa. Isome yote kabla ya kuanza, kwa sababu kuna mahali pawili ambapo simu itakualika kuwasha upya nawe unatakiwa ukatae.

Fungua programu ya Magisk, bofya kitufe cha kuiondoa, "Uninstall Magisk". Kisanduku kitakupa chaguo mbili. Chagua "Restore Images". Ile nyingine, "Complete Uninstall", inafuta kila kitu na siyo tunayoitaka. Magisk itachukua nakala ya picha ya asili iliyoihifadhi siku uliporuti, na kuiandika juu ya ile iliyobadilishwa. Kuanzia sasa hifadhi ya simu iko safi, lakini mfumo unaotembea bado una ruti kwa sababu uliwaka kabla ya mabadiliko hayo. Ukiwasha upya hapa, ruti imeondoka. Kwa hiyo usiwashe.

Ukiona ujumbe "Stock backup does not exist!", Magisk haina nakala ya asili. Hutokea kwa simu ambayo picha yake ilibadilishwa kwenye kifaa kingine, au data yake ilifutwa baada ya kurutiwa. Usijaribu kulazimisha. Acha njia hii, nenda sehemu inayofuata inayotumia kompyuta.

Sasa nenda Mipangilio, Mfumo, Sasisho la mfumo, upakue na kusakinisha kama kawaida. Subira inahitajika hapa. Baada ya kuandika sloti ya pili, simu hupitia programu zako na kuziandaa kwa mfumo mpya, na mstari wa maendeleo unaweza kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu. Haijakwama. Iache. Ikimaliza itakuonyesha kitufe cha kuwasha upya. Usikiguse.

Rudi Magisk, bofya "Install", chagua "Install to Inactive Slot (After OTA)". Chaguo hili huonekana kwenye simu za sloti mbili tu. Magisk itaichukua picha mpya iliyoletwa na sasisho kwenye sloti isiyotumika, kuibadilisha, na kuirudisha palepale. Soma maandishi yanayopita kwenye skrini: yatataja patisheni inayolengwa, na mwisho wake uwe "All done!". Neno hilo lisipotokea, usiwashe upya hadi ujue sababu.

Ukiliona, tumia kitufe cha kuwasha upya kilicho ndani ya Magisk, si kile cha ukurasa wa sasisho. Magisk ndiyo inayohakikisha simu inahamia sloti mpya.

Uwashaji wa kwanza huchukua muda zaidi ya kawaida. Sloti mpya ikishindwa kuwaka mara kadhaa, simu za aina hii hurudi zenyewe kwenye sloti ya zamani, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kuwa na pande mbili. Lakini faida hiyo ina mwisho: katika simu zinazotumia mpangilio wa Virtual A/B ulioletwa na Android 11, mfumo mpya ukishawaka salama huunganishwa na wa zamani nyuma ya pazia, na hapo hakuna kurudi. Ukiona jambo linakwenda kombo, shughulika nalo mapema.

Njia ya kompyuta

Njia hii ni ya wale ambao sasisho la hewani linakataa, au hawana nakala ya asili. Binafsi naipendelea hata pale ile ya kwanza inapowezekana, kwa kuwa kila hatua unaiona na kila faili unalishika mwenyewe.

Pakua sasisho kamili la simu yako kutoka kwa mtengenezaji. Kwa Pixel, Google huyaweka wazi kwa kila modeli. Sasisho kamili halihesabu tofauti. Huandika patisheni nzima upya, hivyo halijali kama picha ya zamani ilibadilishwa. Ndiyo maana linapita pale ambapo lile dogo limegoma. Sharti moja ni lisiwe la zamani kuliko ulilonalo.

Ingia rikavari:

adb reboot recovery

Kwa vitufe vya sauti chagua "Apply update from ADB", kisha kwenye kompyuta:

adb sideload jina-la-faili.zip

Asilimia kwenye kompyuta inaweza kusimama, na simu ikaonekana imelala. Usichomoe kebo. Kazi imeisha pale kompyuta inapoandika "Total xfer" na rikavari kukurudishia menyu. Data yako haiguswi. Washa simu, uiache iwake kabisa, uhakikishe nambari ya muundo imebadilika. Wakati huu huna ruti, na ni sawa.

Sasa unairudisha. Ndani ya zip ileile kuna faili liitwalo payload.bin, na patisheni zote zimefungwa humo. Lifungue kwa payload-dumper-go, utoe boot.img au init_boot.img kulingana na ulichobaini mwanzoni. Likopi kwenye simu, fungua Magisk, "Install", "Select and Patch a File", ulichague. Matokeo yatakuwa kwenye folda ya Download, jina lake likianza na magisk_patched. Lirudishe kwenye kompyuta kwa adb pull, halafu:

adb reboot bootloader

fastboot flash init_boot magisk_patched-xxxxx.img

fastboot reboot

Kwa simu ya boot, weka boot badala ya init_boot. Simu hizo mara nyingi zina nafasi ya ziada ya usalama: unaweza kuanza na fastboot boot likifuatiwa na jina la faili, ambayo huwasha simu kwa picha hiyo bila kuiandika. Ikiwaka vizuri ndipo unaiandika. Init_boot haina keneli, kiini cha mfumo, ndani yake, kwa hiyo jaribio hilo halifanyi kazi huko.

Kuna watakaochagua famuwea nzima ya kiwandani badala ya sasisho. Inafaa, ila fungua hati ya flash-all kwa kihariri cha maandishi kwanza, utafute alama -w, uifute. Herufi hiyo moja ndiyo inayoagiza data yote ifutwe.

Samsung

Samsung iliyofunguliwa butiloda (programu ya mwanzo inayoiwasha simu) na kubadilishwa haipewi sasisho la hewani kabisa. Itakuambia programu ya simu imebadilishwa. Usipoteze muda kutafuta ujanja. Njia ni Odin, programu ya kuandika famuwea za Samsung, kwenye Windows.

Pakua famuwea mpya ya modeli yako kamili na ya CSC yako (msimbo wa eneo au mtandao wa simu). Ukiifungua utapata mafaili ya BL, AP, CP, CSC na HOME_CSC. Kopi lile la AP kwenye simu, ambalo ni kubwa la gigabaiti kadhaa, kwa hiyo hakikisha nafasi ipo. Libadilishe kwa Magisk kwa "Select and Patch a File", upate magisk_patched yenye kiambishi .tar. Ulirudishe kwenye kompyuta kwa adb pull. Usiburute kwa kebo kama unavyohamisha picha, kwa sababu njia ya MTP inajulikana kuharibu mafaili makubwa, na faili lililoharibika ndani ya Odin ni balaa.

Weka simu kwenye hali ya kupakua. Ndani ya Odin, jaza BL na CP kama zilivyo, AP iwe ile iliyobadilishwa, na kwenye kisanduku cha CSC weka HOME_CSC. Hapa ndipo data huokoka au kupotea: CSC ya kawaida hufuta simu, HOME_CSC huiacha. Andika seti nzima, usichukue picha ya kuwashia peke yake.

Kabla ya yote hayo, angalia herufi ya tano kutoka mwisho wa nambari ya muundo. Katika G991BXXU5CVGB, ni 5. Hicho ni kiwango cha butiloda, na simu haikubali kushuka chini yake. Kupanda ni ruhusa, kushuka hapana.

Na kwa anayetumaini kwamba sasisho litarejesha Knox, mfumo wa ulinzi wa Samsung: fyuzi yake ikishakatika hubaki 0x1 milele, hata ukirudisha kila kitu cha kiwandani.

Mitego ya kufa na kupona

Usifunge butiloda simu ikiwa na picha yoyote iliyobadilishwa. Simu ikifungwa hukagua saini, ikikuta isiyotambulika haiwaki, na kuifungua tena huenda kusiwezekane. Wenye Xiaomi wawe makini zaidi: programu ya MiFlash hufunguka ikiwa imechaguliwa, chini kabisa, kusafisha na kufunga. Badilisha iwe kuhifadhi data kila mara unapoifungua, hata kama ulibadilisha jana.

Usijaribu kurudi nyuma bila kusoma. Google ilipotoa Android 13 mwezi Agosti 2022, butiloda za Pixel 6, 6 Pro na 6a zilipandishwa kiwango cha kuzuia kurudi, na simu iliyosasishwa haikuweza tena kuwaka kwa Android 12.

Kama rikavari yako ni TWRP, isiyo ya kiwandani, na simu ni ya sloti moja, sasisho la hewani linahitaji rikavari ya kiwandani. Irudishe hiyo pamoja na boot ya asili, sakinisha, kisha urudishe vitu vyako. Na kama ulishafuta programu za mtengenezaji ndani ya /system kwa njia za kale, kurudisha boot hakutatosha. Andika famuwea nzima.

Simu ikigoma kuwaka

Anza na moduli, kwani ndizo zinazoshukiwa kwanza. Simu inapoonyesha uhuishaji wa kuwaka, shikilia kitufe cha kupunguza sauti ili iingie hali salama ya Android. Magisk ikigundua hali hiyo huzima moduli zote, na ukiwasha upya kawaida zitabaki zimezimwa.

Ikishindikana, ingia fastboot uandike picha ya asili ya toleo jipya, si la zamani. Keneli ya toleo moja na mfumo wa toleo jingine havielewani. Simu ikiwaka bila ruti, tatizo liko kwenye picha iliyobadilishwa: sasisha programu ya Magisk yenyewe, ubadilishe picha upya, ujaribu tena. Isipowaka hata kwa picha ya asili, rudia sasisho zima kwa adb sideload kabla ya kufikiria kufuta data.

Baada ya kuwaka

Fungua Magisk uone kama mstari wa "Installed" una nambari ya toleo. Tazama Kuhusu simu uthibitishe muundo na tarehe ya kiraka cha usalama. Piga simu, washa Wi-Fi, jaribu kamera na alama ya kidole, yote haya moduli zikiwa bado zimezimwa, ili hitilafu ya mfumo usije ukaisingizia moduli.

Kisha rudisha moduli moja baada ya nyingine, ukiwasha upya kila mara. Ambayo haijaguswa na mwandishi wake kwa muda mrefu iwe ya mwisho.

Programu za benki zinaweza kukataa hata kama jana zilikubali. Huduma ya Google ya kukagua simu, Play Integrity, haitegemei sasisho lako peke yake; kanuni zake hubadilishwa upande wa seva. Ndani ya Magisk hakikisha Zygisk imewashwa na programu ya benki imo kwenye DenyList, orodha ya programu zisizoguswa na Magisk, futa data zake, uifungue upya. Kama huduma hiyo ya benki ni ya lazima katika maisha yako na bado inakataa, ushauri wangu ni kuitumia kwenye simu nyingine isiyo na ruti, badala ya kupakua kila moduli inayoahidi kuficha ruti kutoka kwa watu usiowajua.

Mwisho, picha ya asili ya toleo hili jipya ihifadhi kwenye kompyuta leo, jina la faili likiwa na nambari ya muundo ndani yake, na ile ya zamani uihamishie folda nyingine zisije zikachanganyika.